Kuoga hakufuti kesi

SWALI: Shikamoo wakili. Nakuandikia kutoka Nkuhungu, Dodoma. Mdogo wangu ana miaka 22, anasoma chuo. Jumamosi jioni walikuwa mnadani Msalato, rafiki wa kaka yetu akamnunulia soda. Anasema alianza kusikia usingizi usio wa kawaida, akaja kuzinduka yuko gesti, yule mwanaume yuko juu yake. Alimwambia aache, hakuacha. Alirudi alfajiri, akaoga, akafua gauni. Leo Jumatatu ndiyo ameniambia. Tumekwenda zahanati, wakasema bila PF3 hawamgusi. Baba mdogo kapiga simu kutoka Mpwapwa, hataki polisi, anasema mambo yatamalizwa kifamilia. Je, ushahidi si umeshaoshwa? Bado kuna kesi hapo?

JIBU: Marahaba, dada. Kesi ipo. Ila kuna saa zinazokimbia kuliko kesi, kwa hiyo naanza na hizo, nawe ukifika mwisho wa aya mbili zinazofuata unaweza kuacha kusoma, mkaenda, ukamalizia mengine mkiwa kwenye benchi la hospitali.

Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU baada ya tukio kama hili, zile wanazoziita PEP, zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Kwa hesabu ya Jumamosi usiku, mlango huo unafungwa kesho Jumanne usiku. Zikianza, zinamezwa kila siku kwa siku 28 bila kuruka. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba, hivi mtaani tunavyoviita P2, vinafaa hadi siku ya tano, lakini vya leo vina nguvu kuliko vya kesho. Kuna pia tiba ya kinga dhidi ya magonjwa ya zinaa, chanjo ya homa ya ini aina ya B kama hajawahi kuipata, na kipimo cha VVU cha kuanzia, kitakachorudiwa baadaye. Haya yote anapewa kwa sababu ni mgonjwa. Hakuna hata moja linalomtaka aamue kwanza kama atashtaki.

Waliomrudisha zahanati walianza na karatasi wakati walitakiwa waanze na mgonjwa. PF3 ni fomu ya polisi ambayo daktari anaijaza ili matokeo ya uchunguzi yafike kwenye jalada. Haikutungwa iwe kibali cha kutibiwa, na miongozo ya Wizara ya Afya inataka manusura wa ubakaji ahudumiwe kwa dharura. Hapo mjini njia nyepesi ni kupitia Dawati la Jinsia na Watoto kwenye kituo cha polisi, mkafungua taarifa, mkapewa namba ya RB (namba ya taarifa yenu kituoni) na PF3 (haiuzwi, msitoe hata shilingi), kisha mkaenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, hii tunayoiita General. Lakini mkikuta foleni dawatini, au afisa hayupo, nendeni hospitali moja kwa moja, fomu itawafuata. Mkifika, ulizieni Kituo cha Mkono kwa Mkono. Ni utaratibu unaokutanisha daktari, polisi na afisa ustawi wa jamii mahali pamoja, ili mtu asisimulie jambo lilelile kwenye madirisha manne. Haujafika kila hospitali ya nchi hii, lakini kuuliza hakugharimu kitu.

Sasa nirudi kwenye hofu yako ya kuoga.

Wengi waliobakwa huoga. Kwa hiyo mpelelezi anayejua kazi yake hashtuki akisikia hivyo, na hakimu pia hashtuki. Maji yanaondoa vingi vilivyo juu ya ngozi, ila ndani ya mwili ni habari nyingine: sampuli za ndani huchukuliwa kwa matumaini mazuri hadi saa 72, na wakati mwingine hata siku ya tano. Gauni nalo lisitupwe kwa sababu limefuliwa. Mbegu zikishanywea kwenye nyuzi za kitambaa, vinasaba (DNA) vinaweza kusalia hata baada ya sabuni. Je, nguo ya ndani aliyovaa usiku ule nayo imefuliwa? Hukusema. Kama haijafuliwa, hicho ndicho kitu cha thamani kuliko vyote mlivyo navyo chumbani humo. Kila nguo iwekwe peke yake ndani ya bahasha ya khaki au ikunjwe kwenye gazeti safi. Msitumie mfuko wa plastiki (ilipigwa marufuku 2019, ila najua kila nyumba imebaki na michache chini ya godoro), kwa sababu unafungia unyevu, na unyevu unaozesha vinasaba. Kama nguo bado ina majimaji, ianikwe kivulini ikauke, mbali na mikono ya watu, ndipo ifungwe.

Kuhusu soda. Mwambie daktari mapema, tena kwa kauli iliyonyooka: "Nadhani niliwekewa kitu kwenye kinywaji." Asiposikia hivyo, hatafikiria kuchukua mkojo kwa ajili ya maabara ya sumu. Baadhi ya dawa za kumlaza mtu usingizi hutoka mwilini ndani ya saa chache, nyingine huonekana kwenye mkojo kwa siku kadhaa. Kila akienda haja ndogo, sehemu ya ushahidi huo inaondoka, kwa hiyo hili lisisubiri kesho mchana. Akishindwa kuvumilia kabla ya kufika, mkojo huo ukingwe kwenye chombo safi chenye mfuniko, mwende nacho.

Ana haki ya kuelezwa kila kipimo kabla hakijafanywa na kukubali au kukataa, hata kimoja kimoja. Ana haki ya wewe kuwepo chumbani. Anaweza kuomba ahudumiwe na mwanamke, hospitalini na dawatini. Na akitokea mtu akataka kupima kama "alikuwa bikira", mwambieni hilo halithibitishi chochote. Shirika la Afya Duniani lilitaka kipimo hicho kikomeshwe tangu 2018.

Nimetumia maneno mengi kwenye sampuli kwa sababu muda wake ni mfupi. Ila ukiniuliza kesi ya mdogo wako itashinda au itashindwa wapi, sitakuelekeza maabara.

Fikiria upande wa pili. Huyu mwanaume mnamjua kwa jina na kwa sura, amekula kwenu. Hatasema "si mimi". Akipata wakili mwenye akili, atasema "nilikuwa naye, ndiyo, na tulikubaliana". Siku atakapotamka hivyo, ripoti ya vinasaba hata ikiwa safi namna gani inabaki kuthibitisha jambo ambalo mshtakiwa mwenyewe ameshalikubali. Vinasaba vinajibu swali la nani. Kesi ya mdogo wako itaamuliwa kwa swali la ridhaa, na ridhaa haionekani kwenye darubini. Ndiyo maana nasikitika ninapoona familia inakesha ikilia juu ya gauni lililofuliwa, huku kitabu cha wageni cha gesti kinakaa kaunta bila mtu kukiulizia.

Kitabu hicho kitasema nani aliandika jina, saa ngapi, na kama jina la msichana liliandikwa na mwandiko wa mtu mwingine. Mhudumu wa gesti aliwaona wakiingia: alikuwa anatembea mwenyewe au ameshikiliwa? Aliyewaleta ni bodaboda au teksi? Nani alikuwa meza moja nao mnadani? Soda ilifunguliwa mbele yake au ililetwa ikiwa wazi? Kama gesti ina kamera, zingatieni kwamba mitambo mingi hufuta picha za zamani yenyewe baada ya siku chache, kwa hiyo mwambieni mpelelezi leo, aandike barua ya kuzuia zisifutwe. Msiende nyie wenyewe kugombana na mhudumu. Mtamtia hofu, na siku ya mahakama atasema hakuona kitu.

Simu ya mdogo wako ni shahidi pia. Ujumbe wa Jumamosi, simu zilizopigwa, muamala wa kulipia chumba kama upo, na hasa chochote alichotuma huyo mwanaume baadaye: "nisamehe", "usimwambie kaka", "tulilewa tu". Wapo wanaoomba radhi kwa maandishi na kujifunga wenyewe. Asifute, asimjibu, asimzuie kwa hasira kabla ujumbe haujahifadhiwa. Ushahidi wa kielektroniki unapokelewa mahakamani chini ya Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, ila inabidi ionyeshwe ulitoka wapi na ulitunzwaje, kwa hiyo picha ya skrini isaidie tu. Simu yenyewe ibaki salama.

Na kuna wewe. Umekuwa mtu wa kwanza kuambiwa. Leo, kabla hujalala, chukua daftari uandike alikuambia nini, kwa maneno yake, saa ngapi, alikuwa katika hali gani. Usipambe wala usimsahihishe. Mahakama zetu zinalipa uzito mkubwa jambo la mwathirika kumtaja mtuhumiwa mapema iwezekanavyo, na zinapoona ucheleweshaji zinataka maelezo. Siku mbili za msichana aliyeamka amechanganyikiwa, akiogopa rafiki wa kaka yake, zinaelezeka. Zinaelezeka vizuri zaidi kama yupo dada wa kusema, "Nilimkuta amejifunika shuka mchana wa jua kali, akaniambia hivi." Lakini asizungushwe kwa mashangazi kuwasimulia upya. Kila akisimulia atabadilisha neno, kama binadamu yeyote, na kila neno lililobadilika litapatikana kwenye mdomo wa wakili wa utetezi.

Sheria yenyewe inasemaje? Makosa haya yamo kwenye Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kama ilivyorekebishwa na Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998, ile wanasheria wanaiita SOSPA. Mambo matatu humo yanamhusu mdogo wako. Kuingiliwa hata kwa kiasi kidogo sana kunatosha. Haihitajiki aonyeshe majeraha kuthibitisha kwamba hakukubali. Kwa hiyo daktari akiandika "hakuna michubuko", kesi haijafa. Na ridhaa iliyopatikana mtu akiwa amelewa kwa kitu alichopewa na huyo mwanaume au mtu mwingine haihesabiki kuwa ridhaa, isipokuwa ithibitike kwamba walishakubaliana kabla. Adhabu ya kumbaka mtu mzima haipungui miaka 30, inaweza kufika kifungo cha maisha, na mahakama inaagiza pia fidia kwa aliyetendewa.

Kisha kuna Sheria ya Ushahidi, inayoruhusu mahakama kumtia mtu hatiani kwa ushahidi wa mwathirika peke yake, kama hakimu ameridhika kwamba anasema kweli na akaandika sababu zake. Mahakama ya Rufani ililisisitiza hili mwaka 2006 katika shauri la Selemani Makumba dhidi ya Jamhuri: ushahidi wa kweli wa ubakaji unatoka kwa aliyebakwa. Shauri hilo linatajwa mara kwa mara katika mahakama za nchi hii. Hakuna sheria inayosema bila kipimo cha vinasaba hakuna ubakaji. Mtu akikwambia hivyo, hata akiwa amevaa magwanda, muulize kifungu.

Lakini neno la mwathirika linabeba mzigo huo likiwa limesemwa kwa ukamilifu. Akisimama kizimbani akaishia "alinibaka", hakimu bado hajui kilichotokea. Najua malezi yetu. Binti wa Kigogo au wa Kirangi aliyelelewa vizuri hatamki viungo vya mwili hata mbele ya ndugu zake, sembuse mbele ya wanaume asiowajua. Mahakama ya Rufani imeshakubali kwamba lugha ya staha, kama "alinifanyia tabia mbaya", inaweza kueleweka ikipimwa na mazingira yake. Hata hivyo mimi namshauri aseme wazi kilichoingizwa na kilipoingizwa, kuanzia kwenye maelezo ya polisi. Asiyoyakumbuka aseme "sikumbuki". Mtu aliyewekewa dawa anatarajiwa kuwa na mapengo, na akiyaziba kwa kubahatisha ataumbuka. Kabla hajasaini, asomewe maelezo yake yote, palipokosewa parekebishwe.

Kuhusu safari ya sampuli, hapa ndipo kesi nyingi zinapofia. Mwaka 2009 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Paulo Maduka na wenzake wanne dhidi ya Jamhuri, ilieleza kwamba kielelezo kinahitaji kumbukumbu zinazoonyesha nani alikichukua, nani alikitunza, nani alimkabidhi nani, hadi kinafika mahakamani. Lilikuwa shauri la unyang'anyi, lakini kanuni hiyo sasa inafuata kila chupa ya mkojo na kila bahasha. Baadaye mahakama zililegeza kwa vitu visivyoweza kubadilishwa kirahisi mkononi, ila sampuli ya mwili haiko kwenye kundi hilo la kubweteka. Kwa hiyo nguo mnazipeleka wenyewe mpaka polisi, mnapewa hati ya makabidhiano, mnaisoma, mnasaini, mnaomba nakala au mnaipiga picha. Sampuli za hospitali zifungwe kwa lakiri na zikabidhiwe askari, naye azipeleke kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Muuguzi akikupa bahasha uipeleke wewe kwa bodaboda kwa sababu "askari amechelewa", kataa kwa upole. Ukiibeba, umekuwa kiungo kwenye mlolongo, na wakili wa utetezi atakuuliza ulisimama wapi njiani. Vilevile hamuwezi kwenda maabara ya Mkemia Mkuu kujipimisha vinasaba wenyewe. Kwa Sheria ya Udhibiti wa Matumizi ya Vinasaba vya Binadamu ya 2009, maombi hupitia mamlaka zinazotambuliwa, na kwenu ni polisi.

PF3 nayo ina visa vyake. Ukisoma hukumu za rufaa za makosa haya utakuta fomu hiyo inaondolewa kwenye kumbukumbu mara kwa mara: ilipokelewa lakini haikusomwa kwa sauti mahakamani, au mshtakiwa hakuambiwa kwamba ana haki ya kutaka daktari aitwe. Ni makosa ya waendesha mashtaka na mahakimu, mwathirika hana mkono wake hapo. Na bado hukumu nyingi zinasimama hata fomu ikiondolewa, kwa sababu msichana alieleza vizuri. Mnachoweza kufanya ninyi ni kuandika jina la daktari na tarehe, kutunza nakala, na siku ya shauri kumkumbusha mwendesha mashtaka kwamba daktari huyo yupo na aitwe.

Nimefika kwa baba mdogo. Huyu nitamjibu bila kumkosea heshima.

Naelewa anachokiona. Anaona kaka yenu na rafiki yake, anaona jina la ukoo, anaona harusi ya baadaye ya binti. Katika vijiji vyetu vya kati ugomvi mwingi unamalizwa chini ya mbuyu kwa mbuzi au ng'ombe, na mara nyingi unamalizwa vizuri. Ubakaji hauko kwenye fungu hilo. Shauri likifunguliwa linakuwa la Jamhuri, yaani la serikali. Mdogo wako ni shahidi, si mmiliki wake, na anayeweza kulifuta kwa niaba ya Jamhuri ni Mkurugenzi wa Mashtaka. Baraza la kata halina mamlaka nalo, kikao cha ukoo hakina, na mtendaji wa kijiji hana. Kupokea mali ili kosa kubwa lifichwe ni kosa la jinai lenyewe, kwa hiyo ng'ombe wa namna hiyo wanaweza kumpeleka polisi yeye aliyewapokea. Mwambie hilo la mwisho kwa sauti ya chini, mkiwa wawili. Nimewahi kuona likiwafikia wazee ambao hoja ya haki za binti haikuwafikia.

Na mimi nisifanye kile anachofanya yeye. Mdogo wako ana miaka 22. Kwenda polisi au kutokwenda ni uamuzi wake, wala si wa baba mdogo, wako au wangu. Angekuwa chini ya miaka 18 ningekuambia vingine: ridhaa isingehusika kabisa, na mtu mzima anayejua ananyamaza kwa hatari yake. Kwa mtu mzima, hospitali leo, sampuli zichukuliwe leo, halafu apumzike, afikirie. Makosa makubwa ya jinai hayana ukomo wa muda wa kufunguliwa hapa kwetu. Akisita mwezi mzima bado ana haki ya kurudi, ingawa kila siku inayopita inatakiwa ielezwe.

Akiamua kwenda mbele, ajue kwamba ushahidi wa makosa ya kujamiiana unasikilizwa faraghani. Watu wa mtaani hawatajaa ukumbini, na magazeti hayaruhusiwi kuchapisha ushahidi huo wala kuwatangaza mashahidi. Yeye hatamlipa mwendesha mashtaka chochote. Kama anataka mtu wa kumsindikiza na kumfafanulia hatua, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 imeweka wasaidizi wa kisheria wanaofanya kazi bila malipo. Ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri inajua walipo. Akitishiwa, na vitisho huja mara nyingi kupitia rafiki wa rafiki, aviripoti kwa mpelelezi siku hiyohiyo, kwa maandishi, akitaja RB ileile. Mashahidi wana sheria yao ya ulinzi tangu 2015.

Msishangae mkimkuta huyo mwanaume mtaani wiki ijayo. Kupewa dhamana si kufutiwa kesi, na mtu akija kukwambieni "ameshaachiwa, mmeshindwa", nendeni kwa mpelelezi mkaulize jalada limefika wapi, kisha ofisi ya mashtaka ya mkoa. Ulizeni kila wiki mbili, kwa adabu, bila kuchoka. Na mdogo wako akirudi chuo, akabadilisha laini au chumba, namba mpya aipeleke kwa mpelelezi, kwa sababu yapo mashauri yaliyofutwa baada ya shahidi wa kwanza kuitwa mara kwa mara bila kupatikana.